Mashine Ilipoikataa Kamera Yako

Aboowe Abdirahman, kaka yangu,

Allah alipanue kaburi lako na akupe nuru humo. Nakuandikia kwa Kiswahili, kama tulivyoandikiana ulipokuwa shule ya bweni. Hooyo akiikuta karatasi hii hataweza kuisoma, na ni afadhali. Kuna mambo mama yetu bado hayajui.

Unamkumbuka yule mama aliyepanda gari baada ya kituo cha chai, mkirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Ifo? Risasi zilipoanza ulimsukumia kamera mapajani, naye akaificha chini ya shuka lake. Yu hai. Alikuja matangani hapa Garissa akaitoa mbele ya watu wote. Guled, dereva wako, alikuwepo. Siku ile alikuwa ametuma dereva mwingine, akasema malaria imemlaza hapa mjini. Na yeye ndiye aliyelia kwa sauti kuliko sisi wote. Kamera ilipotoka, kilio chake kikakatika ghafla. Niliona, nikadhani ni uchungu.

Hooyo akaniambia, "Sahra, nionyeshe mwanangu alichokiona mwisho." Ile kamera haina kioo cha kuonyesha picha, kwa hiyo ilikuwa lazima ipitie kwenye kompyuta yako. Nikaiwasha, nikachomeka waya wa kamera. Mashine ikaandika kwamba kifaa hicho haikitambui. Nikachomoa, nikachomeka tena. Ikaandika vilevile. Mara ya tatu haikuandika chochote, na hapo nikaogopa zaidi.

Kesho yake Guled akaja. Akakaa kwenye mkeka, akanywa chai ya Hooyo, akamwombea. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili chake kisichojua herufi P, ili Hooyo asielewe, "Dada, bicha imetoka?"

Nikamwambia mashine imekataa.

"Nipe hiyo kamera nibeleke Nairobi. Iko fundi."

Nikasema nitajaribu kwanza. Akatabasamu, Aboowe, lakini macho yake yalibaki kwenye kabati lako. Siku iliyofuata akarudi, akauliza lilelile. Aliporudi tena hakuketi hata kidogo. Alisimama mlangoni akiwa ameziba mwanga, akasema, "Hiyo kitu ni mzigo kwa mwanamke." Hooyo akaniuliza anasema nini. Nikamjibu anatuombea dua.

Hapo nikaacha kubahatisha, nikaanza kukukumbuka. Ulikuwa ukinifukuza kwenye kiti, chai yangu ikimwagika mezani, ukisema, "Usiharakishe kuilaumu kamera. Kwanza tazama kama printa nayo imekataa." Nikajaribu printa. Nayo haikutambuliwa! Basi ubovu haukuwa kwenye kamera, wala kwenye waya wake. Nilikaa nikakulilia pale pale, kwa furaha, kama mwendawazimu.

Nikaviondoa vyote. Kile kiboksi cha matundu manne ulichokuwa ukigawia waya nikakiweka kando, maana umeme wetu siku hizi ni hafifu na hakina nguvu ya kulisha vitu viwili. Nikapuliza vumbi kwenye matundu ya nyuma. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa nikafuta kila kilichoandikwa USB. Nikazima, nikang'oa waya wa umeme ukutani, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nikaiwasha bila kuchomeka chochote, nikaiacha ijitafutie yenyewe. Ikaomba ile CD ya programu zake uliyoweka chini ya nguo zako; nikaitoa, nikaitia. Harufu yako bado imo mle.

Mwisho nikachomeka kamera peke yake, moja kwa moja nyuma ya mashine. Ikalia ule mlio mdogo. Ikaitambua.

Nyuso za watu wa Ifo zikaanza kutoka: wazee, mabinti, mtoto aliyefumba macho, wote uliowaahidi picha za kuwatumia ndugu zao walikotawanyika. Halafu kituo cha chai. Ulitaka kumpiga picha mwenye hoteli akiwa na birika, naye anacheka. Nyuma yake, kando ya pikapu nisiyoijua, yuko Guled. Guled wa malaria. Anaongea na watu wawili, na mmoja ana bunduki imefungwa kwa kitambaa. Guled anaitazama kamera. Anakutazama wewe.

Je, ulimwona? Ulimpungia mkono? Hili ndilo linaloninyima usingizi. Hooyo nilimwonyesha nyuso za Ifo tu, hii nikamficha.

Nilimpelekea picha ile Adeer Yusuf, ndugu wa marehemu baba. Alimwita Guled, akaiweka mbele yake kwenye mkeka. Guled akasema, "Si mimi." Akaomba maji, akapewa, akayashika bila kuyanywa, akaondoka. Kulipokucha nyumba yake ilikuwa tupu. Wanasema amevuka mpaka kule Mandera. Polisi wana nakala, wametuambia tusubiri. Lakini wale wawili wengine hakuna anayejua walipo, na jana pikapu ilisimama nje ya uzio wetu, injini ikiunguruma, hakuna aliyeshuka. Adeer anataka tuhamie Wajir kwa shangazi. Hooyo anauliza tunamkimbia nani, ilhali ameshampoteza mwanawe.

Nimezichapa picha za watu wa Ifo, zote. Nimezifunga kwa kitambaa, na Alhamisi napanda gari la Ifo linalosindikizwa na askari. Adeer amekataza. Njia ni ileile, na kituo cha chai ni kilekile. Nitapita nikiwa nimeinamisha kichwa.

Lala kwa amani, Aboowe. Nakuahidi kila mtu uliyempiga picha atashika uso wake mkononi mwake. Na nisiporudi, Adeer anajua kuifungua mashine, nimemfundisha.

Dada yako,
Sahra