Kengele ya Shimo la Masara

Mama Nyakerario, mpendwa mshauri wetu, naomba unisaidie kabla sijavunja nyumba yangu kwa mdomo wangu. Mimi ni fundi wa redio hapa Migori na mume wangu Jared anachimba dhahabu Masara, na shimo lao lilijaa maji wakati wa mvua wakatoka kwa bahati tu, basi nikachora kengele ya kulia maji yakipanda au pampu ikizima, na kwa kazi hiyo nataka chipu yenye geti la OR, ambalo huliza kengele swichi yoyote kati ya mbili ikileta umeme, lakini maduka yote hapa yana NAND peke yake, ile inayonyamaza pale tu swichi zote mbili zinapoleta umeme, kinyume kabisa na ninachotaka, na OR niliyoagiza Nairobi haiji, na shimo linafunguliwa mwisho wa mwezi. Nimemwambia Jared, "Ukishuka bila kengele, mimi narudi kwetu Kosele," naye akanijibu, "Kaa hapo ungoje chipu yako, mimi naenda job." Mama, nampenda huyu mtu na ninaogopa sana, je, nifungashe nguo ama nimwache ashuke?

Phelesia Awino, Migori

Phelesia, usifungashe hata leso. Hofu yako naielewa, na kumng'ang'ania mume asife si kosa. Lakini kabla ya safu hii nilifundisha elektroniki, na wanafunzi kama wewe walinichosha: mnaandika jina la chipu kwanza, halafu mnazunguka madukani mkilitafuta jina. Angalia kazi inayotakiwa, kisha uangalie duka lina nini.

Hiyo NAND uliyoikunjia uso inatosha. Geuza swichi zako. Badala ya kuleta umeme kukiwa na shida, zilete umeme mambo yakiwa sawa. Zote mbili zikileta, NAND inanyamaza. Maji yakipanda au pampu ikizima, umeme wa swichi moja unakatika na kengele inalia. Funga pia rezista, kile kipande cha kupunguza umeme, kutoka kila njia ya kuingilia ya chipu hadi negatifu, ili swichi ikikatika njia hiyo isome kwamba hakuna umeme, isibaki ikielea.

Sasa nikukemee vizuri. Hukufikiria jiwe likianguka likate waya? Kwa mchoro wako wa kwanza kengele ingekaa kimya, na Jared angeendelea kuchimba akidhani yuko salama. Kwa huu wa NAND, waya wa swichi ukikatika tu, kengele inalia. Shukuru Nairobi walichelewa.

Iunganishe mezani wiki hii, umwite Jared, umpe mkasi akate waya wowote wa swichi anaotaka. Ikilia, mpikie ale ashibe, aende kazini. Ikinyamaza, hashuki mtu, na umwambie ni mimi nimesema.