Pini ya Kilemba

Basi mpendwa mshauri, naomba unisaidie, pini yenyewe nimeirudisha hapahapa kwenye kilemba, maana ningeiweka wapi, na magurudumu yote mawili ya baiskeli yamelala, na mtoto anadhani ni yeye kapita kwenye miiba. Anayeniandikia ni fundi cherehani, mimi shule niliisikia kwa jirani. Andika hivyohivyo fundi, usininyooshee, hii siyo suruali.

Mtoto ni mjukuu wangu, ana miaka kumi, miaka mitatu nampeleka shule mkono kwa mkono, goti langu bovu linalia njia nzima na mimi nalificha, yeye ananihadithia ndoto zake mpaka getini hajamaliza. Ndipo akatokea wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mkunga mstaafu, ujana wake wote kazalisha watu kwa baiskeli, yaani akiwafuata kwa baiskeli, na siku ya harusi yangu alikuja nayo mpaka mlangoni, watu wakaacha kumtazama bibi harusi. Sisemi bado naumia. Sasa kila Jumamosi anakusanya watoto uwanja wa shule, eti mtaa mzima wajue kuendesha, wazazi wanamsifu, na mjukuu wangu kapewa baiskeli ya kikundi aitunze, na shule sasa anakwenda nayo peke yake. Nyumbani ni bibi wa baiskeli hivi, bibi wa baiskeli vile. Mimi bibi wa nini, wa kufua soksi?

Nikaenda kuwachungulia. Wamefunga mfuko wa mchanga kwenye keria, wifi anaongeza kwa kopo, mjukuu anazunguka nao anayumbayumba. Jioni karudi, kaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Bibi, una kilo ngapi?"

Mshauri, huu mwili kafundishwa na nani kuucheka? Wifi aliniita gunia tangu nikiwa mwali. Asubuhi, kabla hajaamka, nikachoma mipira kwa pini. Siku hiyo tulitembea wawili kama zamani, ila ndoto hakunihadithia. Na wifi kasema asiyejua kutunza, Jumamosi baiskeli anapewa mwenzake. Nikiungama, atanicheka mpaka kaburini, nisipoungama...

Huyo mjukuu ananiita. Anapiga pampu tangu jana, upepo haukai, anataka nimshikie baiskeli. Ngoja fundi, nakwenda.

JIBU

Shikamoo bibi. Hukurudi kumaliza, fundi akanitumia barua ilivyo. Inatosha.

Mchanga kwenye keria ni wa kujifunzia kubeba mtu. Na goti unalodhani umelificha, aliyekushika mkono miaka mitatu amelisikia kila hatua. Aliuliza kilo zako ajue aongeze makopo mangapi. Wewe ukamjibu kwa pini.

Pole kwa harusi, kweli kabisa. Lakini aliyekuja na baiskeli mlangoni ni wifi, na aliyeinama kwenye pampu ni mtoto. Umekosea mtu.

Leo hii muite, mvulie kilemba, mwonyeshe pini, mwambie ni wewe. Kisha nendeni wote kwa fundi baiskeli azibe pancha. Jumamosi fika uwanjani umweleze wifi mbele ya mtoto. Atacheka. Mwache acheke, hicho kicheko umekilima mwenyewe.

Kwenye keria usipande. Mtu mzima si mzigo wa mtoto wa miaka kumi, mwambie asubiri akue. Goti lipeleke hospitali. Asubuhi aikokote baiskeli kando yako mpaka ndoto iishe, ndipo apande aende.

Na kilo mtajie. Usipunguze hata moja.