Ndugu Asiye na Uso Katika Kitabu Chetu

Mama Tumaini wangu,

Nimekaa kwenye benchi la stesheni ya Tabora, upande wenye kivuli, nasubiri treni ya kutoka Kigoma. Wametangaza kuwa imechelewa, hawakusema kwa kiasi gani. Mapori ya magharibi yanachomwa na moshi umelifunika jua tangu asubuhi. Limebaki jekundu, dogo, unaweza kulitazama bila kukunja macho. Nina karatasi na kalamu, na sina mwingine wa kumweleza habari hii. Kaka yangu anakuja. Zakaria, yule uliyekuwa ukiniuliza habari zake nami nikageuza mazungumzo, miaka yote ya ndoa yetu.

Treni ikifika itanibidi nichague. Nimpeleke nyumbani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, alale chini ya paa moja na Tumaini na watoto wake, au nimnyweshe chai hapa hapa stesheni na kumwomba arudi alikotoka. Maisha yangu yote ya utu uzima nimewaandikia watoto kwamba tunasamehe kwa sababu tumesamehewa. Lakini hapa nilipo, ukiniuliza nitafanya lipi, sijui.

Alipiga simu wiki iliyopita, mchana, nikiwa namenya viazi. Kwanza nikasikia pumzi tu. Kisha akasema, "Ni jewe." Ni mimi. Kirundi sikuwa nimekisikia kwa sauti ile tangu nikiwa kijana, na mwili ulimtambua kabla ya akili, kisu kilinidondoka. Alisema namba yangu alipewa na watu wa kambini waliorudi nyumbani. Alisema amezeeka. Sikumuuliza anataka nini, nilishindwa. Ndipo akauliza swali lililoninyima usingizi mpaka leo: "Nyumba yako iko wapi?"

Unajua kwa nini swali hilo, kutoka kinywani mwa mtu huyo, lilinitisha. Nilikusimulia mara moja tu, siku ile mvua ilipotufungia kanisani tukiwa wawili, nawe ukaacha kuosha brashi zako ukasikiliza. Baba yetu alikuwa mwinjilisti, na mwaka ule wa mauaji, kwetu Burundi, askari walikuwa wakiwatafuta watu waliosoma. Nilikuwa migombani nakata majani ya mbuzi. Lori likaja polepole, likasimama kwenye njia panda, kwa sababu wale watu hawakujua njia ipi inaelekea kwetu. Mbele, kati ya dereva na askari, alikaa Zakaria, ambaye alikuwa karani wa tarafa. Nilimwona akinyanyua mkono. Hakusema kitu, alinyoosha kidole tu, kisha akaurudisha mkono mapajani kama mtu aliyefukuza nzi. Baba hakurudi. Mimi nilitembea mpaka nikavuka mpaka, nikawa mkimbizi kambini, kwenye misitu ya upande huu, na baadaye nikawa mtu wa Tabora kwa sababu yako.

Hukuniambia pole siku ile. Uliniuliza kitu cha mchoraji: "Alikuwa na uso gani wakati anaonyesha?" Nikakujibu sikumbuki. Haikuwa kweli kabisa na haikuwa uongo kabisa, na ukaliacha hapo.

Ndugu zako walinicheka tulipooana. Walisema binti wa Kinyamwezi, fundi wa kuandika mabango ya maduka, amekwenda kuokota Mrundi asiye na shamba wala ng'ombe, ambaye akiona sahani ya maharage anasahau hata kusema amina. Nawe uliwajibu kuwa Mrundi huyo anaandika sentensi ambayo mtoto anaweza kuishika kwa mkono mmoja, na ng'ombe hawezi. Tulianza na vitabu vya Shule ya Jumapili. Mimi maneno, wewe picha. Ulinikataza kuandika kinachoonekana. Nikiandika "mbuzi mweupe alisimama mtoni," ulikata kwa penseli, ukasema mbuzi nimeshamchora, mto nimeshauchora, wewe niambie mbuzi anaogopa nini.

Na ulikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Kitu cha kutisha ulikiweka chini, kwenye kona ya nje ya ukurasa, pale mtoto anaposhikia kitabu kwa kidole gumba. Simba, mafuriko, mtu mbaya, wote walikaa pale. Ulisema mtoto apewe nafasi ya kukifunika asichokiweza, na akifunue mwenyewe siku atakayokuwa tayari. "Mungu mwenyewe hatuonyeshi yote kwa siku moja, Baba Tumaini," ulisema. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyozidi hayo.

Kisha mchungaji akaomba kile kisa cha Maandiko cha kijana aliyeuzwa na ndugu zake. Ukasema watoto wa Tabora hawana haja ya kwenda jangwani kukitafuta, kilipita mlangoni kwao. Ukanichukua asubuhi tukatembea kwenye njia ya zamani ya misafara, nje ya mji, wewe ukichora rangi ya udongo na jinsi vichaka vinavyoinama kuelekea barabarani. Tukamwita mtoto wetu wa kitabuni Masele. Kaka yake anamuuza kwa msafara unaokwenda pwani. Miaka inapita, Masele anarudi akiwa mtu mzima mwenye ghala la nafaka, na mwaka wa njaa kaka anakuja kubisha hodi bila kujua ni kwa nani.

Hukuwahi kuchora mtu wa kubuni. Kila uso kwenye vitabu vyetu ni wa mtu wa mtaa huu. Kwa mnunuzi ulimtaka Mzee Seif, jirani yetu mwenye duka, ambaye wazee wake walikuja kutoka Oman siku za misafara. Niliogopa atachukia, nikakusihi usimwombe. Yeye alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama Tumaini, tumbo hili liache nje ya karatasi, babu zangu walikuwa wakitembea kwa miguu." Tulicheka sana. Akanywa kahawa, akatulia, na ulipokuwa unachora kilemba akasema jambo ambalo lilinifanya nitoke nje.

"Mimi sikatai, wazee wetu walinunua watu. Mchore. Lakini ukimchora mnunuzi, mchore na muuzaji. Mnunuzi hakuijua nyumba ya mtoto yule. Alionyeshwa."

Uliniona nilivyotoka. Jioni uliniambia umefika ukurasa wa kaka, na kwamba huwezi kumchora bila mtu wa kumtazama. Nikakuomba umchore amegeuka, tuone mgongo tu. Ulisema watoto watamwogopa zaidi. Nikasema hapana. Basi ukanitii, na kwenye kitabu kizima, kila kaka anapotokea, pale chini kwenye kona, ni mgongo na kisogo.

Wewe ndiye uliyekuwa sahihi, na tulilijua hilo siku tuliyopanda treni kwenda kuwasomea watoto wa kanisa la Igalula zile karatasi za majaribio. Unakumbuka walivyokaa kwenye mikeka. Simba wa kwenye kona, watoto walikuwa wakimfunika na kumfunua wakicheka. Wakifika kwa kaka walinyamaza. Mmoja akauliza kwa nini mtu huyu hana uso. Kabla hatujajibu, msichana aliyekuwa amebeba mdogo wake mgongoni akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kwa sababu bado hajafika." Hakuna aliyetaka kugeuza ukurasa uliofuata. Tukiwa kwenye treni ya kurudi nilitazama vichaka vikipita dirishani kana kwamba kuna mtu anatembea nyuma yake.

Ukurasa wa mwisho ulibaki kwa penseli. Masele amefungua mlango. Kaka amesimama nje, na safari hii hawezi kugeuka, kwa sababu ndiye anayebisha hodi. Palipopaswa kuwa na uso umeacha karatasi nyeupe. Ulipokuwa umelala hospitali, mikono imevimba, nilikuambia mchore vyovyote vile, mpe uso wowote tumalize. Ukatikisa kichwa. "Nikimbuni nitachora shetani," ulisema, "na shetani hana mdogo wake wa kumfungulia mlango." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kuhusu kazi. Baada ya hapo tuliongea habari za Tumaini tu, na za maji ya kunywa.

Tangu tukuzike sijaandika sentensi ya ukurasa ule. Mchungaji ananikumbusha kila Jumapili kuwa watoto wanangoja mwisho. Najua anachokitaka: Masele akamkumbatia kaka yake. Nimeiandika, nikaikata. Kwenye vitabu vyetu msamaha ulikuwa mwepesi kama kugeuza ukurasa, na watoto walitusadiki. Juzi niliomba usiku, nikamwambia Mungu kwamba ninaweza kumsamehe Zakaria akiwa mbali. Nimemsamehe huko mbali miaka mingi. Ninachokiogopa ni msamaha wenye kitanda, sahani na taulo. Na naogopa zaidi ya hapo, nikuambie ukweli, kwa kuwa sijui anachokuja kukifanya. Watu hawavuki mpaka wakiwa wazee hivyo kwa ajili ya salamu. Ama amebeba toba, ama amebeba kitu kingine, na simuni sauti ya toba na sauti ya hicho kingine zinafanana. Sikumwambia nyumba iko wapi. Nilimwambia nitampokea stesheni. Nilitaka nimwone kwanza akiwa kati ya watu wengi, katika mwanga.

Nimesimamisha kalamu kidogo, simu ililia. Ni Tumaini.

"Baba, uko wapi? Mgeni wako ameshafika."

Nikamwambia treni bado. Akasema treni ilikwama Kaliua, mzee wa watu akashuka, akapanda basi. Alikuwa anauliza jina langu dukani kwa Mzee Seif, na Mzee Seif, kwa wema wake, alifunga duka akamleta mwenyewe mpaka mlangoni. Nilisikia vyombo nyuma yake, anaandaa chai. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mbona hujawahi kutuambia tuna baba mkubwa? Mmefanana mpaka watoto wamecheka. Wamemdhani ni wewe, wakamwita babu, akaitika."

Nilimuuliza anafanya nini sasa hivi. Akasema amekaa barazani. Yeye Tumaini amemkaribisha ndani mara kadhaa, mgeni hataki, anasema atamngoja mwenye nyumba. Anatazama barabarani. Mgeni amemuuliza humu ndani wanaishi akina nani, na wangapi, na chumba changu ni kipi.

Nikamwambia awaite watoto waingie ndani. Akauliza kwa nini, Baba, na mimi, niliyemlea kwa kila kisa kilichomo kwenye Maandiko, sikuwa nimewahi kumpa hiki kimoja, wala hakikuwa cha kumpa kwenye simu. Nikasema basi waache. Nikasema nakuja.

Mama Tumaini, anaweza kuwa anauliza kama mtu aliyekosa familia na anataka kuijua. Anaweza kuwa anauliza kama zamani. Wewe ungemtazama mara moja, penseli mkononi, ukajua. Mimi inanibidi niende nikiwa sijui, na nadhani hapo ndipo imani inaponidai, maana mpaka leo niliitumia kwa watu niliokwisha kuwajua. Nimekunja zile karatasi nyingine, hii naimalizia nikiwa nimesimama. Kutoka hapa mpaka Ng'ambo si mbali hata kwa miguu yangu, na moshi umeshuka mpaka barabarani, watu wanapita na khanga puani.

Watoto hawajaingia ndani. Nimewasikia kwenye simu, wako barazani pamoja naye. Watanitazama nikifika, kama wanavyotazama kitabu kikifunguliwa, na kile nitakachokifanya ndicho watakachokijua. Yeye ni mkubwa, mimi ni mdogo, salamu inaanza kwangu. Nitasema shikamoo, kaka. Na nitaingoja marahaba yake nikiwa nimesimama kati yake na mlango.

Pumzika, mke wangu, na uniombee huko uliko, leo kuliko siku zote,

Mumeo,
Baba Tumaini