Disketi ya Msiba

Saa 12:20 asubuhi kompyuta ilikuwa bado ya moto, na ndani yake mlikuwa na disketi isiyo yetu.

Baba Evelyn, nimechomoa waya ukutani na naipeleka kwa Khalid, fundi wa Njoro. Ndizi zimemenywa, ziko kwenye maji. Mama mkwe apewe uji kwanza.

Niliikuta programu ya kukagua virusi imezimwa. Haijizimi yenyewe. Nimemwamsha mdogo wako Hosea, akasema, "Shemeji, ni ratiba ya mazishi ya mzee Thadeus tu. Hata disketi ya msiba unaitilia shaka?" Naitilia. Imepita nyumba nne za ukoo huko Kilema, kila nyumba ikiongeza majina ya wajukuu wa marehemu, na hakuna aliyeikagua kwa sababu ni ya msiba. Sasa mafaili yangu hayafunguki.

Humo mna habari za ukoo alizonisimulia mama mkwe kabla ya kiharusi. Hawezi kuzisema tena. Nakala pekee iko kwenye disketi ya bluu, na kabatini haipo.

~~Evelyn ataeleza ameifuta ili aweke nyimbo gani.~~

Hosea asiguse kitu mpaka nirudi.

Mama Evelyn

Saa 1:05. Evelyn ameamka, ameitoa disketi ya bluu kwenye mkoba wake wa shule. "Mama, jana nilimwona baba mdogo anaingiza ile ya msiba bila kuikagua, nikaificha yako." Nimekitazama kile kitufe cha pembeni kinachozuia disketi isiandikwe kitu, hata virusi. Amekifunga.