Sukari Haivuki, Baba Nekesa

Baba Nekesa,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua. Utazipata ukifika huko.

Juzi nilikuwa nafua nepi za mtoto, redio ya jirani imefunguliwa stesheni ya Kampala, nikasikia sauti yako. Niliacha maji ya sabuni yamwagike. Ulikuwa unarap ule wimbo wetu wa osmosisi. Ulipomaliza, mtangazaji akakuuliza nani hukuandikia mashairi. Ukajibu, na mimi nimesimama hapo na nepi mkononi: "Naandika peke yangu, boss. Kulikuwa na dada mmoja Malaba, lakini yeye alikuwa wa kupiga makofi tu."

Wa kupiga makofi!

Wacha nikukumbushe. Mwaka ule wa tisini na tano tumemaliza Form Four, tunangoja matokeo, vijana wote wa Malaba wanarap juu ya minyororo ya dhahabu ambayo hawajawahi kuishika. Wewe na miwani yako iliyofungwa kwa waya ukaniambia sisi tutarap vitabu, tuwaimbie wale wanaochekwa kwa kupenda hesabu. Nilikupenda siku hiyo, siwezi kukataa. Tuliiba kaseti ya kwaya ya mama yako, tukaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili tuweze kurekodi. Wewe ulipiga debe kwa vidole. Beti zilitoka kwenye daftari langu, lile la kijani, zimeandikwa kwa mkono wangu.

Unakumbuka ukumbini walivyotuzomea? Mmoja alisema kengele imelia, mwalimu arudi stafurumu. Ulitaka kushuka jukwaani. Mimi ndiye niliyekushika shati, tukaendelea. Na baadaye wale wasichana watatu wa Form Two wakatufuata nje, wakaomba wanakili maneno. Uliniambia, "Umeona? Hao ndio watu wetu." Uliwaambia pia nani aliandika. Siku hiyo jina langu halikukushinda kutaja.

Halafu nikawa na mimba, ukavuka mpaka kutafuta studio Kampala, ukasema wiki mbili. Daftari ukaondoka nalo. Nekesa sasa anatembea, anavunja vikombe.

Sasa sikia jambo ambalo hulijui. Ule ubeti unaoimba redioni:

*Maji yanakaa kwao, hayana safari,*
*anayevuka mpaka ni bibi Sukari.*

Ni makosa. Niliandika hivyo kwa sababu nimezaliwa hapa, na tangu utoto naona wamama wakivuka kwa njia za panya na sukari kiunoni. Sikujiuliza mara mbili. Wewe hukuuliza hata mara moja. Ulipokuwa umeshaenda, mwalimu wetu wa bailojia alikuja kununua nyanya kwangu sokoni Amukura, nikamwimbia nikijivuna. Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Nyinyi watu wa mpakani mnadhani kila kitu ni magendo," akasema. "Sukari hubaki, mama. Maji ndiyo huvuka utando kuifuata."

Niliona haya, nikarekebisha jioni ile ile, mtoto yuko mgongoni. Lakini daftari lako, samahani, daftari langu, halina marekebisho. Kwa hivyo kila ukiimba unatangaza ujinga wangu wa zamani na kuuita akili yako. Kama uliandika peke yako, mbona hujui kosa liko wapi? Wanafunzi wanakusikiliza, Baba Nekesa. Kuna atakayeandika hivyo kwenye mtihani.

Nimechoka, sikufichi. Mtoto analala kidogo na nyanya haziningoji. Lakini uchovu haujanisahaulisha mkono wangu. Nataka daftari langu, na nataka urudi kwa mtangazaji huyo huyo utaje jina langu lote, siyo "dada mmoja".

Ukikawia, mimi sikawii. Wale wasichana watatu wako Form Four sasa. Wamemwomba mwalimu niimbe shuleni kwao Jumamosi, na ubeti wenyewe ni huu:

*Sukari hubaki kwao, haina safari,*
*yanayovuka ni maji, kuonja sukari.*

Nekesa nitamsimamisha kando yangu. Yeye ndiye wa kupiga makofi, na kabla sijafungua mdomo kuimba nitamtaja kwa jina.

Salamu zako ni hizo: mtoto ni mzima.

Mimi,
Mama Nekesa, mwenye daftari