Vigari vyangu na salamu za ghalani

Kausar, leo bosi wangu Hozefa ameniumbua ghalani mbele ya wabebaji wote. Acha tu.

Si unavijua vile vigari vyangu vya kubeba marobota ya pamba, vinavyojiendesha? Kwenye kompyuta nimevijaribu mwezi mzima. Vinapishana vizuri, hakuna foleni hata moja!

Leo tumeviwasha kweli. Mama Mbuke, mmoja wa wabebaji, akakutana na mwenzake Mzee Mwigulu katikati ya njia. Akapiga goti. Salamu za Kisukuma zikaanza: mwangaluka, habari za ng'ombe, za mvua, za wajukuu... Kigari kikiona mtu kinasimama, ndivyo nilivyokipanga. Kikasimama. Cha nyuma yake nacho. Vyote vikasimama, Kausar. VYOTE!

Bosi akaniangalia: "Kwani watu wa kwenye kompyuta yako hawasalimiani?"

Hawasalimiani! Niliwaweka wanapita tu!

Hasira zikanipanda, nikapayuka: "Kuanzia leo ni marufuku kusalimiana humu!"

Wakaacha salamu. Wakapisha, vigari vikaenda.

Saa ya kutoka nikapita njia ileile. Kwa mazoea nikasema, "Shikamooni."

Wakanipisha, kimya. Hata Mama Mbuke, anayeniitaga mwanangu.