Pini Nyekundu ya Rosental

Jumatano, 7 Juni

Sijamwambia mtu yeyote. Pini nyekundu niliiangusha mimi.

Si tufe la Oma. Goti langu!

Niandike yote. Tangu nimalize shule niko hapa Rosental, kijiji cha watu wenye asili ya Kijerumani, kwa bibi yangu, Oma Alwine, kama kila kiangazi. Mwaka huu kilabu ya mchezo wa kuangusha pini tisa kwa tufe imenipa kazi ya kusimamisha pini. Nakaa kwenye ubao juu ya shimo, mwisho wa njia. Tufe likishapita naruka chini, nazipanga upya zote tisa. Kazi inayonifaa — hakuna anayenisemesha.

Leo tufe la mwisho lilikuwa la Oma. Zimebaki pini mbili: nyekundu ya katikati na moja nyuma yake. Ukiangusha zote tisa, unapata pointi tisa. Ukiiacha nyekundu imesimama peke yake, kumi na mbili. Oma akarusha. Ya nyuma ikaenda. Nyekundu ikabaki wima — niliiona! Furaha ikanizidi, nikaruka mapema. Goti likaigusa. Ikalala.

Kule mbali waliona imeanguka, basi. Timu ya Oma imeshindwa kwa pointi mbili.

Mzee Hilmar, nahodha wa wale wengine, alihesabu pointi kwa Kijerumani, kama kawaida yake akishinda. "Wee Alwine, mkono huo sasa ni wa kukandia unga!" Watu wakacheka. Oma naye akacheka.

Alhamisi, 8 Juni

Oma amefunga viatu vyake vya kuchezea ndani ya gazeti. Miaka hamsini na mbili ya Jumatano! Anasema mkono ukianza kudanganya, mwenyewe aondoke kabla hajaambiwa.

Nilifungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya ibada, kahawa na keki ya pichi ukumbini. Hilmar alikuja mezani petu. Nilidhani anakuja kutania tena.

"Usipocheza wewe, nani atanifunga?" alimwambia Oma. "Hawa wengine wananionea huruma, mama."

Oma akasema atampa viatu vyake mtu mwenye mguu kama wake. Wote wawili wakatazama miguu yangu! Nikakimbilia jikoni kuosha vikombe.

Msimamishaji wa mwaka jana waliachana naye kwa uzembe tu. Mimi je, nikisema ukweli? Na watanitazama wote — ukumbi mzima.

Lakini Oma ameanza kuutazama mkono wake wa kulia kama mgeni asiyemwamini. Hilo siliwezi.

Jumatano, 14 Juni

Saa kumi jioni. Oma anakwenda kurudisha ufunguo wa kilabu, basi. Ndivyo anavyosema.

Viatu vyake nimevitoa kwenye gazeti. Viko garini, chini ya kiti changu.

Nitasema kabla ya tufe la kwanza, mbele ya wote. Nimejaribu kwenye kioo: "Mkono wa Oma ni mzima. Goti langu ndilo lililokosea." Mara tatu, kimya. Mara ya nne sauti ilitoka!

Ananiita. "Harakisha, binti! Hilmar asije akakalia kiti changu!"

Kiti changu — kasema hivyo mwenyewe!

Gari linaunguruma. Shajara yangu, nitunzie siri hii saa moja tu. Usimwambie mtu. Niachie mimi niiseme.